Nianze wapi na katuni, mimi niliyezoea madubwana?

*"Habari za kazi, mwalimu. Nina miaka 41 na ni mpenzi wa sinema za madubwana tangu enzi za kibanda umiza. Godzilla, King Kong, Pacific Rim, zote ninazoweza kuzipata nimeziona, za zamani za mtu ndani ya vazi la mpira na hizi za sasa. Katuni sijawahi kuzipenda. Naona ni za watoto, na hazina uzito: dude linapiga ghorofa, ghorofa linaanguka, mimi sihisi kitu. Sasa binti yangu wa miaka 12 amenibana, likizo hii lazima tuangalie katuni pamoja. Nikaona nianze na za Godzilla, zile tatu za Kijapani. Ya kwanza nilisinzia, ya pili sikuimaliza. Rafiki akaniwekea Akira, katuni nyingine ya Kijapani, ile mianga ikanipa kichwa kuuma. Tatizo ni mimi, ni katuni, au nachagua vibaya? Na kama kuna mlango wa kuingilia, uko wapi? Sebuleni huwa tuko na mdogo wa miaka 6 pia."*

Kaka, nikupe jibu kwanza halafu maelezo yafuate. Umechagua vibaya, na umechagua vibaya kwa namna ambayo mpenzi yeyote wa madubwana angechagua: umeona jina la Godzilla juu ya katuni, ukabonyeza. Lakini lalamiko lako kwamba katuni haina uzito silichukulii kama ukaidi wa mtu mzima. Umeshika jambo lenyewe kabisa, na ndilo nitakalokaa nalo zaidi kuliko mengine.

Kabla ya hapo, hiyo kauli ya kwamba hujawahi kupenda katuni. Umezipenda, ila hakuna aliyekuambia kuwa ni katuni. Chukua King Kong ya 1933. Willis O'Brien na wenzake walikuwa na vikaragosi vya urefu wa sentimita 45 hivi, mifupa ya chuma ndani, ngozi ya sungura juu. Wanamsogeza mkono kidogo, wanapiga picha moja. Wanamsogeza tena, picha nyingine. Sekunde moja ya filamu inahitaji picha 24 za namna hiyo. Siku ukiirudia, angalia manyoya ya kifuani na mabegani: yanachezacheza hata Kong akiwa amesimama tuli, utadhani kuna upepo. Hakuna upepo pale. Ni vidole vya waliomshika kati ya picha na picha, vilivyokuwa vikiyalaza manyoya upande huu na upande ule. Kitu kisicho na uhai kikipewa mwendo picha kwa picha, hiyo ndiyo katuni, iwe kimechorwa kwa wino au kimefinyangwa kwa mpira.

Godzilla naye alinusurika kuwa hivyo hivyo. Eiji Tsuburaya, aliyesimamia maajabu ya picha katika filamu ya kwanza ya 1954, aliihusudu Kong na angependa kutumia njia ileile. Muda na fedha vilimkatalia. Ndipo Haruo Nakajima akaingizwa ndani ya vazi, la kwanza likiwa na uzito wa kama kilo 100, akaikanyaga Tokyo ya mfano. Kwa hiyo vazi la mpira unalolipenda lilizaliwa kama njia ya mkato, ikatokea kuwa njia ya mkato nzuri kuliko zote katika historia ya sinema. Na hata humo ndani wachoraji walikuwepo. Ile miale ya njano inayopinda-pinda kutoka vinywa vitatu vya King Ghidorah, mwaka 1964, ilichorwa kwa mkono ikapachikwa juu ya picha.

Za sasa ndiyo usiseme. Godzilla wa Shin Godzilla ya 2016 ni wa kompyuta kuanzia meno hadi mkia, na mwendo wake uliigwa kwa Mansai Nomura, mwigizaji wa kyogen, tamthilia ya jadi ya vichekesho ya Japani. Mmoja wa waongozaji wake wawili, Hideaki Anno, alitokea kwenye katuni; nitamrudia. Takashi Yamazaki, ambaye Godzilla Minus One yake ilichukua Oscar ya maajabu ya picha mwaka 2024, miaka tisa kabla ya kuitoa alikuwa ameshiriki kuongoza filamu ya Doraemon, yule paka wa buluu wa watoto. Watu wanaokutengenezea madubwana na wanaomtengenezea binti yako katuni ni walewale, wengine kwenye karakana zilezile.

Sasa uzito. Kwenye skrini hakuna mizani, kwa hiyo jicho linapima uzito kwa njia ya pembeni, nayo ni muda. Angusha kitu kutoka urefu wa mita 2, kitafika chini kwa sekunde 0.6 hivi. Kiangushe kutoka mita 50, ambao ndio urefu aliopewa Godzilla wa 1954, kitachukua sekunde 3.2. Urefu umeongezeka mara 25, muda umeongezeka mara 5 tu, lakini hizo mara 5 ndizo zote. Hujawahi kuzikokotoa, ila tangu utotoni umeona maembe yakianguka na miti ikikatwa, na ubongo wako unajua kuwa kitu kikubwa huchukua muda wake kufika chini. Mtu ndani ya vazi akianguka kwa kasi yake ya kawaida, ubongo unasema papo hapo: huyu ni mtu. Tsuburaya akaendesha kamera kwa kasi zaidi, ikanasa picha nyingi mno kwa sekunde, kisha filamu ikaonyeshwa kwa kasi ya kawaida. Mwendo ukawa wa polepole, vumbi likaning'inia hewani, kifusi kikashuka kwa starehe zake, na mtu wa futi tano na ushei akawa mlima unaotembea. Zile za bajeti ndogo ambapo unaona wazi ni watu wawili wanakabana kwenye mavazi, mara nyingi kosa si vazi. Ni kasi ya kamera.

Mchoraji wa katuni yuko kwenye hali ngumu zaidi, kwa sababu hana mvutano wa dunia wa kumsaidia. Ukuta wa plasta ukipigwa utaanguka wenyewe, vumbi litaruka lenyewe, na hata mwongozaji mvivu atapata kitu cha kuonyesha. Ukuta uliochorwa hauanguki mpaka mtu auangushe, picha baada ya picha, akiamua kila kipande kishuke kwa kasi gani. Ongeza hapo kwamba katuni nyingi za Kijapani, hasa za televisheni, hurudia mchoro mmoja kwa fremu mbili au tatu ili kupunguza kazi, kwa hiyo sekunde moja inabaki na michoro 12 au 8. Kwa watu wanaozungumza mezani haina shida. Kwa dude la tani elfu kumi linaloinua mguu, mchoraji lazima ajue mguu ukae hewani muda gani, ardhi iitikie lini, vioo vya jirani vipasuke baada ya nini. Akijua, unapata uzito ambao hata kompyuta ya mamilioni haiwezi kuupita. Asipojua, au asipopewa muda, unapata ulichokiona wewe: ghorofa linaanguka na husikii kitu.

Kwenye zile filamu tatu (Planet of the Monsters ya 2017 na mbili zilizoifuata 2018) kuna kasoro nyingine inayomuumiza mpenzi wa madubwana kuliko mtu yeyote. Binadamu wanarudi duniani baada ya miaka 20,000. Miji haipo. Kuna msitu, ukungu, na Godzilla mwenye urefu wa zaidi ya mita 300. Kwa karatasi ndiye mkubwa kupita wote waliomtangulia. Lakini mita 300 pembeni ya nini? Hakuna ghorofa, hakuna treni, hakuna nguzo ya umeme, hakuna mama anayekimbia na mtoto mgongoni. Wasimulizi wa pwani walilijua hili zamani. Katika hadithi ya nunda mla watu, kijana anaua mnyama, anamburuta hadi kwa mama yake, anamwambia nimemuua nunda, na mama anamjibu, mwanangu, siye. Anarudi porini, analeta mkubwa zaidi. Siye. Mkubwa zaidi tena. Siye. Nunda mwenyewe anapotokea, msikilizaji ameshapandishwa mnyama kwa mnyama mpaka akili inakataa, na hakuna aliyetaja kipimo. Hizo filamu zina ngazi moja tu, Godzilla mdogo anayeuawa kabla ya yule mkubwa kuibuka, halafu zikajaza nafasi iliyobaki kwa mabishano marefu ya kifalsafa ndani ya vyombo vya anga za juu. Wapo wanaozipenda kwa hayo mabishano. Wewe hukwenda kwa ajili hiyo, na kusinzia kwako ni haki yako.

Hili la kwamba katuni ni za watoto nitalipitia haraka. Tarehe 16 Aprili 1988 studio ya katuni ya Kijapani iitwayo Ghibli ilitoa filamu mbili zikaonyeshwa pamoja, kwa tiketi moja. Moja ni My Neighbor Totoro, inayofaa hata kwa mtoto wa chekechea. Nyingine ni Grave of the Fireflies, ya kaka na mdogo wake wakifa njaa wakati wa vita, ambayo nimewaona wanaume wenye ndevu wakishindwa kuitazama mara ya pili. Katuni ni namna ya kutengeneza filamu. Ndani yake kuna za watoto, za watu wazima, na nyingine hazimfai mtu yeyote.

Mlango wako wewe ni Nausicaä of the Valley of the Wind, ya Hayao Miyazaki, 1984. Dunia imeungua kwa vita vya kale, msitu wenye sumu unatambaa juu ya kilichobaki, na ndani yake wanaishi Ohmu, wadudu wakubwa mithili ya vilima, macho yao buluu wakiwa watulivu na mekundu wakikasirika. Itazame namna Miyazaki anavyokupandisha ngazi. Hamwonyeshi Ohmu kwanza. Binti Nausicaä anakuta ganda tupu ambalo mmoja wao amelivua, analigonga kwa upanga, upanga unamenyeka. Kisha anatumia baruti kubandua gamba la jicho moja, jepesi, lenye kupitisha mwanga, kubwa la kutosha kumfunika akilala chini yake huku mbegu za ukungu zikimdondokea kama manyunyu. Hilo ni jicho moja tu, na kila Ohmu ana mengi. Hapo ndipo anakuja aliye hai. Mwendo wao nao si wa kuchora kawaida: mwili ulikatwa vipande vipande vinavyopandana, vikavutwa ili kila pingili ifuate iliyotangulia kwa kuchelewa kidogo. Kule kuchelewa ndiko uzito wenyewe.

Karibu na mwisho linatokea jitu la kale, silaha ya vita iliyofufuliwa kabla haijaiva, nyama inayeyuka na kudondoka huku likijikokota. Linafungua kinywa, mwali unatoka, halafu kuna kitambo kifupi ambapo hakuna kitu, ndipo upeo wa macho unalipuka. Aliyechora sehemu ile alikuwa kijana mgeni kwenye kazi aitwaye Hideaki Anno. Ndiye huyo wa Shin Godzilla. Baada ya kuiona, rudia usiku ule Godzilla anapoiteketeza Tokyo katika filamu ya 2016, utaona ni mkono mmoja umepita miaka 32 katikati. Nikiwa na onyesho moja tu la kumshawishi mtu kama wewe, nitachagua hili, na sitaongeza neno.

Ya pili iwe The Iron Giant ya Brad Bird, 1999. Hii ni ya Marekani na dubwana lake ni la chuma, lakini hofu iliyomo ni ileile iliyomzaa Godzilla, ikitazamwa kutoka ng'ambo ya pili. Godzilla alitoka kwenye majaribio ya bomu: Machi 1954 majivu ya bomu la Marekani lililolipuliwa kwenye kisiwa cha Bikini, bahari ya Pasifiki, yaliwanyeshea wavuvi 23 wa Kijapani kwenye boti iitwayo Daigo Fukuryū Maru, na Novemba mwaka huohuo filamu ikawa kwenye majumba. The Iron Giant imewekwa jimbo la Maine, mwaka 1957, Sputnik, setilaiti ya Kisovieti, ikipita angani, na watoto shuleni wakifundishwa kujificha chini ya madawati. Jitu lilitengenezwa kwa kompyuta ilhali watu wamechorwa kwa mkono, na ili visigombane waliandika programu ya kuitetemesha mistari ya jitu kidogo, ionekane kama imechorwa na binadamu. Ilipotoka haikuuza. Leo watu wazima wanaficha nyuso kwa mikono kwenye dakika za mwisho, nawe jiandae.

Kisha, ukiwa na binti peke yake, Princess Mononoke ya 1997. Ina nguruwe-mungu aliyelaaniwa akifumka minyoo mwili mzima katika dakika za mwanzo kabisa, na mwishoni kitu kinachotiririka juu ya milima, ambacho nitakuachia ukione mwenyewe. Ina pia mikono na vichwa vinavyokatwa kwa mishale, kwa hiyo mdogo awe amelala. Mtoto wa miaka 6 utampendelea kwa Ultraman: Rising ya 2024, ya mchezaji wa besiboli anayejikuta akilea dubwana changa, na How to Train Your Dragon ya 2010, ambayo ina joka la mwisho kubwa la kukuridhisha hata wewe, kwenye hiyo walimwomba ushauri wa mwanga Roger Deakins, mpiga picha wa filamu za watu halisi, na moshi wake unaonekana moshi. Nausicaä kwa mdogo ni suala la kuamua nyumbani kwako. Kuna mauaji na kuna mtoto wa Ohmu anayeteswa, na watoto wengine huyo mtoto wa Ohmu anawaliza kuliko mauaji.

Lipo jambo ambalo katuni haitakupa, hata ukitazama zote. Ile raha ya kujua kwamba kitu halisi kilivunjika mbele ya kamera, kwamba fundi alijenga ghorofa dogo la plasta kwa wiki kadhaa na likaisha kwa pigo moja, haipo kwenye mchoro. Mimi pia naipenda raha hiyo na sioni cha kuizibia pengo. Anno mwenyewe, pamoja na mwenzake Shinji Higuchi, mwaka 2012 walilitengeneza upya lile jitu la Nausicaä kwenye filamu fupi kwa kikaragosi na majengo ya mfano, bila kompyuta, kwa sababu waliona ufundi ule unapotea. Kwa hiyo ukizitazama hizo mbili za mwanzo kwa moyo mweupe na bado ukabaki palepale, usijilazimishe. Mwambie binti ukweli, mpe zamu ya kuchagua wiki hii, nawe wiki ijayo umwonyeshe ya 1954. Wa miaka 12 anaimudu, na huenda swali lake la kwanza likakushangaza.

Namna ya kutazama nayo inahesabika. Usitumie simu. Uzito niliousimulia unategemea nusu picha, nusu sauti: mngurumo wa Godzilla wenyewe, mtunzi wa muziki wa filamu ile, Akira Ifukube, aliupata kwa kusugua nyuzi za zeze kubwa la besi kwa glavu iliyopakwa utomvu, na besi ya namna ile spika ya simu inaitupa. Runinga ya kawaida yenye spika ya pembeni inatosha. Chagua sauti ya Kijapani yenye maandishi kama binti anasoma vizuri. Mdogo asiyefuatisha maandishi, mtafsirie wewe kwa mdomo na kwa mbwembwe zote, kazi unayoijua tangu kibanda umiza.

Mwisho, kile kichwa. Akira ina mianga mingi ya kumulika na kuzima, na kuumwa kichwa baada yake hakunishangazi, hasa ukiwa umetazama kwenye giza totoro ukiwa karibu na skrini. Washa taa moja nyuma yenu, kaeni mbali kidogo, msiunganishe filamu mbili. Lakini usilichukulie jambo hili juujuu kwa upande wa watoto. Tarehe 16 Desemba 1997 kipindi kimoja cha Pokémon huko Japani kilimulika nyekundu na buluu kwa sekunde chache, na zaidi ya watoto 600 wakapelekwa hospitali, wengi wao wakiwa hawajawahi kuwa na kifafa hapo kabla. Mimi ni mtu wa filamu, si daktari. Ikitokea mmoja wenu, mkubwa au mtoto, anaduwaa na haitiki akiitwa, anapindisha macho, au mkono unamrukaruka mbele ya picha zinazomulika, zima, mlaze ubavu, usimtie kitu mdomoni, na mumpeleke hospitali siku hiyohiyo hata kama baada ya dakika anaonekana mzima. Na kama kichwa chako kinauma kwa filamu yoyote ndefu, hata isiyo na mianga, basi Akira umeisingizia: kwa umri wetu huu pima macho kwanza.